Kipande cha Kijani kwenye Uzi Mwekundu

Ng'ambo,
Tabora.
14 Juni 2024

Mpendwa wifi yangu Tatu,

Shikamoo. Tanga mnaendeleaje, kifua kimepoa? Sisi wazima. Kaka yako Awadhi anakula vizuri, cherehani zangu zote nne zinafanya kazi, na mama hajambo, ila magoti.

Ningepiga simu, lakini ungeikata. Barua utaisoma hata mara mbili.

Wifi, picha imekuja! Ile damu tuliyotolewa Dar es Salaam, mimi na Awadhi, imeleta majibu ya rangi. Mwilini tuna nyuzi zinaitwa kromosomu, 46, jozi 23, ndizo zinazobeba jeni. Wataalamu wanazitia rangi zinazong'aa, kila rangi inashika uzi wake tu, kisha wanatazama kwa hadubini. Namba 4 nyekundu, namba 11 kijani. Zangu safi: nyekundu mbili, kijani mbili. Za Awadhi sasa! Uzi mmoja mwekundu una mkia wa kijani, na mmoja wa kijani una mkia mwekundu. Zimebadilishana vipande!

Mimi fundi nilielewa kabla daktari hajamaliza. Ukihamisha pindo la gauni hili kwenda lile, na la lile kuja hili, kitambaa hakijapungua. Ndiyo maana kaka yako ana afya kama dume la ng'ombe wa Igunga. Shida ni kumgawia mtoto. Akipata gauni moja tu kati ya hayo mawili, kipande kimoja kinazidi, kingine kinapungua, na mimba haikai.

Mimba nne, wifi. Miaka sita. Nimenyweshwa mizizi aina saba, Awadhi hata kikombe kimoja. Na wewe, Idi ile, mbele ya watu ishirini: "Wengine kazi yao kushona nguo za watoto wa wenzao." Niliwahesabu waliocheka. Kumi na mmoja.

Awadhi alipoiona picha alikwenda moja kwa moja kwa mama: "Mama, ile mizizi iliyobaki nipe mimi." Mama alicheka mpaka akalia. Habari ya kumwoza mke wa pili kutoka Isikizya ikafa siku hiyohiyo.

Sasa linaloniharakisha. Daktari anasema huenda kitu hiki kilitoka kwa mzazi, na kama ni hivyo, kila ndugu wa damu ana nafasi nusu kwa nusu ya kuwa nacho. Wewe ulipoteza wawili kabla ya Najiat. Najiat mwenyewe naye mimba zimeharibika mbili, na nasikia wakwe wanataka kumrudisha kwenu. Usikubali anyweshwe mizizi! Nendeni mkapime, wewe, yeye na mumewe. Picha nimeiweka humu, daktari wenu ajue rangi atie wapi.

Si kosa la mtu. Daktari hakuniahidi kitu, ila kasema zipo mimba zinazogawiwa kamili, zikakaa.

Msalimie mzee Majidi wako, na Najiat mkumbatie kwa niaba yangu. Mwenyezi Mungu awafungulie.

Nimeanza kushona kigauni cheupe. Sijui ni cha mwanangu au cha mjukuu wako. Atakayetangulia atavaa.

Wako akupendaye bado, pamoja na hesabu zote,

Zuwena