Bafu la Darini Kabla Tomke Hajafika

Jumanne, 1 Oktoba

Harm kavunja bafu la darini. Hakuniambia! Narudi kutoka sokoni nakuta vumbi mpaka kwenye siagi. Napanda juu — sinki la kahawia liko koridoni, choo kimelala ubavu, na mume wangu kasimama katikati ya kifusi, uso mweupe kama mwokaji mikate. Miaka yote nimelia juu ya bafu lile, tangu bomba lilipopasuka kwa baridi tukalifunga. Hakunisikia. Leo kaamka tu na nyundo!

Nikamuuliza la nini sasa. La wageni, kasema. Wageni gani, Harm? Wageni, basi. Kanigeuzia mgongo.

Najua ni wageni gani. Jumapili Tomke alipiga simu. Binti yetu wa pekee, miaka miwili hajakanyaga hapa. Atakuja baba yake akitimiza sitini, atakuja na mume wake, Thilo. Ila watalala hotelini, mjini Leer. Hotelini! Nikamaliza simu nikalia kidogo jikoni. Harm alikuwa anakunywa supu, hata kichwa hakuinua. Kumbe masikio yalikuwa wazi.

Ijumaa, 4 Oktoba

Nimemwambia tuite fundi bomba. Kosa kubwa. Kanuna kutwa nzima. Mwanamume wa huku akiita fundi kwa kazi ambayo mikono yake inaiweza, kijiji kizima kitamcheka, ndivyo anavyoamini.

Namhurumia, mkaidi wangu huyu. Tomke alipoolewa, Harm alikuwa tayari kashaongea na majirani juu ya tao la majani la kuzungushia mlango, kama tunavyowafanyia maharusi huku. Kashajua matawi atakata wapi. Kisha simu ikalia: Mama, Baba, tumeshaoana, hukuhuku Leipzig, mashahidi wawili tu. Harm akachukua simu mkononi mwangu akasema, basi mimi sina mkwe. Tomke akakata. Tangu hapo ni "yule wa Leipzig". Jina la Thilo halijawahi kutoka mdomoni mwake.

Jumatano, 9 Oktoba

Mabomba yamekaa! Hayavuji. Tumesimama tunayatazama kama watu wanaotazama mtoto aliyelala. Jipsamu nayo imefungwa kwenye mteremko wa paa. Harm kajigonga kichwa kwenye boriti ileile mara ya sijui ngapi, sasa hata hatukani.

Kaniuliza, macho kwenye skrubu: siku hizi anapenda rangi gani?

Nani?

Mgeni.

Kijani, nikamwambia. Kaondoka na gari bila kuaga, karudi na vigae vya kijani. Nikaingia stoo nikacheka peke yangu, halafu nikajikuta silii wala sicheki.

Jumamosi, 12 Oktoba

Leo balaa.

Harm kakoroga gundi ya vigae, ndoo nzima, maana anajiona ana mikono minne. Kabandika safu mbili. Saa ya chai ikafika, na Shangazi Okka huyo mlangoni na keki yake. Dada wa marehemu baba yake Harm, jirani yetu, bibi wa kuheshimiwa. Nani atamwambia Okka kwamba leo hatunywi chai? Na ukishakaa, vikombe vitatu ndiyo adabu. Ukiinuka kwenye cha pili, umemtukana mwenye meza na ukoo wake.

Harm kashuka na gundi kwenye nyusi. Kikombe cha kwanza — anatazama dari. Cha pili — Okka anasimulia maumivu ya nyonga yake, kuanzia kwa daktari wa kwanza. Cha tatu — Harm kashakimeza moto, ulimi umebabuka, kaweka kijiko ndani ya kikombe, yaani tosha. Okka kamnyanyulia kijiko kile akakiweka pembeni, akamjazia tena. Kunywa, mwanangu, umekonda! Mimi nauma midomo nisicheke.

Alipopanda juu, gundi ilikuwa jiwe. Mwiko umesimama wima ndani ya ndoo, hautoki. Na vile vigae alivyoacha bila kuvizuia vimeteleza, vimeshika vikiwa upande.

Nilitegemea matusi. Hakutukana. Kakaa juu ya choo ambacho hata hakijafungwa. Basi, kasema. Wakalale hotelini. Nilimwambia mtoto wangu sina mkwe. Nani atataka kulala kwa mtu kama huyo?

Nikamshika kichwa, na gundi yake yote. Nilimpenda sana pale, yule mjinga.

Jumapili, 13 Oktoba

Jumapili huku kelele ni marufuku, kwa hiyo hakuna drili wala nyundo, jirani wa pili angeshapiga simu polisi kabla ya kengele ya kanisa. Tumebandua vile vigae kwa patasi iliyofungwa taulo, tunanong'onezana kama wezi. Mimi nikakoroga gundi kidogokidogo kwenye bakuli la saladi, yeye akabandika. Safu zimenyooka!

Nikamwambia mpigie Tomke. Hataki. Na wewe usimwambie, kasema, atadhani namhonga kwa vigae.

Nimenyamaza. Inaniuma kunyamaza.

Alhamisi, 17 Oktoba

Limekwisha, karibu. Maji ya moto yapo. Kioo tu bado kimeegemezwa ukutani. Nimemwambia akitundike, kasema baadaye. Baadaye lini? Wanakuja kesho! Baadaye.

Ijumaa, 18 Oktoba

Naandika nimekaa kwenye ngazi.

Wamefika mchana. Tomke kanikumbatia mpaka nikakosa pumzi. Kwa baba yake, shavu tu. Thilo kanyoosha mkono, Harm kaushika, "Moin", salamu yetu ya huku, basi. Mizigo imebaki garini. Tomke kasema wapite Leer mapema kuchukua ufunguo wa hoteli. Nikakata keki ambayo hakuna aliyeigusa.

Tomke akataka choo, na cha chini yumo Okka, aliyekuja kuwaona wageni, na Okka akiingia haharakishwi. Harm, anatazama meza: juu kuna kingine.

Tomke kapanda. Nikasikia mlango ukifunguka. Halafu: Mama! Nani kachagua kijani?

Muulize baba yako, nikajibu.

Harm kapanda, taratibu kama anayekwenda kwa daktari wa meno. Thilo kaniangalia, maskini, masikio mekundu: na mimi niende? Ngoja kidogo, mwanangu, nikamwambia.

Sasa nawasikia. Simama hapo, Harm anamwambia Tomke. Wima. Usinyanyue visigino. Anapima macho yake yanafika wapi, ili kioo akitundike hapo! Baba, mimi ni mtu mzima. Simama, nimesema. Penseli inakwaruza ukuta. Tomke anapenga kamasi.

Halafu sauti ya Harm, inakwamakwama, kubwa kuliko inavyohitajika:

Thilo! Njoo na wewe usimame hapa, kioo ni chenu wote wawili.

Kijana kanipita kwenye ngazi kwa mbio, nusura anikanyage vidole. Inamisha kichwa, nimempigia kelele, boriti — too! Kajigonga. Wanacheka, wote watatu, nadhani hata Harm. Mizigo bado iko garini, hoteli hakuna aliyeitaja, na mimi sithubutu kuinuka. Drili inaanza kunguruma huko juu, Harm anasema shika hapa, siyo hapo, hapa —