Anayeguswa Aulizwe

Jumatano, 4 Machi
Kitandani sitoki, ila kalamu bado inanitii. Kifungua mimba wangu kaja na maneno ya kunihamishia kwake, mji wa mbali. Eti hapa nitakufa peke yangu. Peke yangu! Na muuguzi anayeninyanyua usiku na mchana — yeye ni samani?

Alhamisi, 5 Machi
Mjukuu kacheka: "Babu, si tupige kura!" Yeye na wenzake wa nchi mbalimbali wanadai bunge la dunia, lichaguliwe na raia wenyewe. Kaulimbiu yao ni maneno yangu, ya enzi nikihutubia kumbi nusu tupu: anayeguswa na jambo aulizwe. Ningekataaje? Mwosha huoshwa.

Nikapiga hesabu. Kifungua mimba na mdogo wake, binti yangu, wanataka nihame. Mjukuu na mimi, nibaki. Sare. Nikasema: muuguzi naye anaguswa, apige. Wakanisifu! Eti mzee hajabadilika.

Ijumaa, 6 Machi
Sijalala. Acha niungame hapa. Jana, kabla sijamtaja muuguzi mbele yao, nilimpa cherehani ya marehemu mke wangu. Sikusema kwa nini. Hakuuliza. Alinigeuza ubavu, akasema, "Ahsante, mzee," akaipeleka chumbani kwake.

Maisha yangu yote nimewalaani wanaogawa sabuni siku ya uchaguzi. Nami nimegawa cherehani! Na liko kubwa zaidi: dunia nzima iulizwe, nilisema — huku moyoni nikitaka ijibu nitakavyo mimi.

Jumapili, 8 Machi
Wako sebuleni, mlango wangu wazi. Wamenyoosha mikono, nami wangu hapa kitandani: wawili kwa wawili. Macho yote kwa muuguzi. Kifungua mimba akamtania: haya dada, leo wewe ndiwe rais wa dunia.

Hakucheka. "Mnanipa kura au mnanipa lawama?"

Kisha akasema mgongo unamuuma tangu mwaka jana kwa kuninyanyua, na katika nyumba hii hakuna aliyewahi kumuuliza.

Hata mimi sijawahi kumuuliza!

Akaomba amalize kufua mashuka yangu, ndipo atoe jibu.

Nasikia maji. Nataka kumwita nimwambie: cherehani ni yako, sema utakalo. Lakini sebuleni watanisikia, naandika tu.

Bomba limefungwa. Mlango wa chumba chake — umefunguliwa. Kitu kizito kinaburutwa sakafuni, vyuma vinalia. Cherehani! Anaileta sebuleni, mbele yao, au anatoka nayo nje? Mjukuu anauliza: dada, hiyo vipi tena?

Anamjibu: "Muulize babu yako alinipa ya nini."