Sarafu Iliyotoka Kwenye Msingi wa Darasa

Kakamega, Jumanne jioni, mwaka wa pili wa Uhuru. Mvua ya alasiri imekatika, ila mimi bado sijatulia.

Juzi wazazi wakichimba msingi wa darasa letu la harambee hapa Shirere walitoa sarafu ya fedha, imelika mpaka imekuwa nyembamba, na ina tundu ukingoni. Leo amefika mtaalamu wa mambo ya kale kutoka Nairobi. Ameisafisha, akaipima, akaigeuzageuza juani hadi kikaonekana kichwa cha mfalme mwenye taji la majani. Akasema ni ya Warumi, ya karibu miaka elfu mbili.

Ungetuona! Mwalimu mkuu alitangaza papo hapo kwamba Warumi walifika Kakamega. Nami, mwalimu wa historia, nikawaita watoto wangu pale msingini nikawafundisha hivyo hivyo, bila haya, kisha nikawaandika Warumi ubaoni darasani.

Nilipofika nyumbani nikamsimulia Mama huku nikicheka. Akaacha kusonga obusuma, ugali wetu.

"Iko na tundu?"

Nikasema ndiyo.

"Hiyo ni ya baba yako, mwanangu. Aliitoa jangwani upande wa Misri, wakichimba mahandaki ya vita. Alikuwa anaivaanga shingoni. Likizo ya mwisho akaniachia."

Baba hakurudi kutoka vitani, wala mwili wake. Mimi nilikuwa mtoto wa mgongoni. Wazee walikata mgomba wakauzika badala yake, kama inavyofanywa kwetu, na Mama akaifunga sarafu ile kwenye mgomba. Baadaye baba mdogo akaipa shule kipande cha shamba, na Mama akaamini kaburi limebaki upande wetu wa ua.

Mgomba hauachi mifupa. Ndiyo maana hakuna aliyeshtuka wakati wa kuchimba.

Nina uchungu. Nilisimama juu ya kaburi la baba yangu nikiwapigisha watoto makofi kwa ajili ya Warumi.

Mtaalamu amelala mjini na asubuhi anaondoka na sarafu. Mwalimu mkuu atanuna, najua, maana ameshaanza kutamba. Mama wala hataki ujenzi usimame.

"Watoto wasome hapo juu yake, atafurahi," amesema. "Lakini hiyo kitu yake irudi chini."

Nitamwahi mgeni kabla hajawasha gari. Kisha nitaingia darasani, niwafute Warumi ubaoni, niandike jina la Baba.