Breki Sikuigusa

Jumatatu, 3 Machi
Pancha ya baiskeli tena! Juzi mnyororo uliruka, kabla yake kiti kikazunguka na mimi juu yake. Nimefika zahanati jasho linanichuruzika, wagonjwa wamepanga foleni hadi nje, muuguzi mkuu ananitazama kwa pembe ya jicho. Jioni mume wangu kaziba, kwa upole wake uleule. Eti naendesha kama nafukuzwa. Nikamwambia basi nifundishe, nisikusumbue. Akacheka — wewe na spana wapi na wapi? Mimi nipo kwa kazi gani?
Maskini. Tangu kiwanda kifungwe hana pa kwenda asubuhi. Nitajifunza kimyakimya, nimpunguzie mzigo.

Alhamisi, 6 Machi
Nimepitia kwa fundi wa njia panda, yule wanayemwita Grisi. Nimeng'oa tairi mwenyewe! Kucha mbili zimekwenda na maji. Tyubu ndani ya beseni, vipovu vikatoka — tundu hilo hapo. Kausha, kwaruza kwa msasa, paka gundi. Nikataka kubandika kiraka papo hapo. Grisi akanishika mkono: subiri gundi ikauke kidogo, shemeji, hii si stempu. Nimecheka njia nzima.

Jumapili, 9 Machi
Leo breki ya mbele, peke yangu nyumbani. Nimefungua waya, nimerudisha. Najiona injinia!

Jumatatu, 10 Machi
Nimeamka, tairi limelala chini. Mume yuko bafuni, nikasema ngoja nianze mwenyewe. Tyubu majini — hakuna kipovu hata kimoja! Nzima kabisa. Nikatazama valvu. Imelegezwa. Si kulegea — imelegezwa! Watoto wa jirani? Lakini baiskeli inalala sebuleni, na mlango una komeo.
Mume katoka na taulo begani, kanikuta nimechuchumaa na pampu. Nilidhani atafurahi. Kanipita, akaingia chumbani. Chai yake imepoa mezani.

Jumatano, 12 Machi
Nusura nife leo.
Mteremko wa shule. Nabana breki — ya mbele haipo! Waya umechomoka. Ya nyuma peke yake inalia tu, baiskeli inakwenda. Mbele yangu mama kabeba mtoto mgongoni. Nikajitupa kwenye ua wa miiba. Goti limechanika, mikono yote mikwaruzo. Yule mama kaniinua huku analia kuliko mimi.
Nimeingia nyumbani nachechemea. Nikasema tu, breki imeniangusha. Mume akasawajika uso.
"Breki mimi sikuigusa!"
Nani kamuuliza?
Tukatazamana. Kisha akaenda kuchemsha maji, akaniosha goti. Niliogopa kumuuliza.

Alhamisi, 13 Machi
Grisi kaangalia. Nati inayobana waya haikukazwa sawasawa. Akauliza nani kaifungua mara ya mwisho. Mimi! Mimi mwenyewe, Jumapili!
Kwa hiyo mume kasema kweli. Breki hakuigusa. Basi kagusa nini? Valvu. Kiti kilichozunguka na mimi juu yake. Mnyororo ulioruka. Na zile pancha zote — Mungu wangu! Mume wangu? Mtu anayenipozea uji nikichelewa?
Anataka niache kazi. Kingine nini? Nimekula naye meza moja nikijiuliza nimeolewa na nani.

Jumamosi, 15 Machi
Naandika nimesimama jikoni, nakaribia kutoka kwenda zamu. Baiskeli iko uani. Jana nimekaza kila nati, nikarudia.
Namwona mume kupitia dirishani. Kachuchumaa, spana mkononi, analegeza gurudumu la nyuma. Mnyororo unaning'inia. Anafanya kweli! Macho yangu haya!
Lakini uso wake — nilitegemea uso wa mwizi. Anapiga mluzi. Ule mluzi wa asubuhi, wa enzi zile za kiwanda, akivaa ovaroli na kuniambia niharakishe chai asije akachelewa. Nilishasahau kwamba anaujua.
Nimekaa chini. Nimesimama tena.
Anaita: "Mke wangu, usitoke kwanza! Mnyororo umelegea. Bahati yako nimeuona!"
Nimesikia sauti yangu ikijibu, "Haya, baba, nakuja." Imetoka wapi sauti hiyo?
Nitachelewa. Muuguzi mkuu safari hii hatanielewa. Nimefungua mlango nusu, daftari bado mkononi. Kainua kichwa, meno yote nje, mafuta puani, ananiambia njoo unishikie hapa —