Mtutu Unacheza

Mutsamudu, 9 Agosti 1997

Kaka yangu Msa,

Salamu zikufikie hapo Magoudjou, Moroni, wewe na wifi yangu na wote wa nyumbani. Sisi afya tunayo, alhamdulillahi, ila usingizi hatuna. Presha yako vipi? Au bado unatia chumvi wifi akigeuka?

Nakuandikia kwa Kiswahili chetu cha Unguja, kwa sababu siku hizi huku kila mtu anasoma karatasi ya mwenzake.

Bila shaka umesikia redioni. Wametangaza kisiwa chetu kimejitenga na Moroni, na vijana wamejaza mawe na magogo barabarani wakilingoja jeshi lenu. Nasema lenu, usinikasirikie, ndivyo inavyosemwa. Mwanangu Inzoudine naye ameshusha bunduki ya marehemu baba yake, ile ya kukunja, ya risasi moja, iliyokuwa ya kufukuzia kunguru shambani. Anataka kwenda nayo kwenye vizuizi. Ukiifunga, mtutu unacheza. Ukiutikisa unalia kama kitasa kibovu.

Nimemkataza, hasikii. Mama hapa ana nyumba tu, neno ni la mjomba, wewe unajua. Tena wewe ndiye uliyejifunza ufundi wa bunduki pale Darajani tulipokuwa watoto. Amesema mwenyewe: "Mjomba akisema imekufa, nitaiacha." Basi kaka, niandikie imekufa, hata ikiwa nzima. Sina mwengine, ni huyu mmoja.

Mdogo wako,
Moinahalima

Moroni, 15 Agosti 1997

Moinahalima, mdogo wangu,

Barua yako ameniletea Chaehoi, yule mfanyabiashara wa vitambaa, naye ndiye atakayerudi na hii. Sote hapa tu wazima. Chumvi nimeacha, sasa nimebaki na hasira peke yake, na hiyo daktari hakuikataza.

Wassim wangu yuko kambini, hawaruhusiwi kutoka, na hatuambiwi wanangoja nini. Tunajua wanangoja nini. Sitaki mwanangu na mwanao wakutane barabarani, mmoja na bunduki ya serikali na mwengine na ya kunguru. Kwa hiyo ulichoniomba nakupa. Bunduki sijaiona wala sihitaji kuiona. Haya ya chini ndiyo umsomee, na hapo juu uparuke.

Inzoudine, mjomba wako nakwambia kwa ufundi wangu: pini ya bawaba imelika, bunduki hiyo imekufa. Kama huamini, toa ule ubao wa mbele unaoshikwa kwa mkono wa kushoto. Funga mtutu, kisha utikise. Utacheza. Hiyo ndiyo dalili ya kifo chake. Iweke juu, umsaidie mama yako.

Dada, hili ni lako tena: ukiutoa ubao huo, bunduki yoyote hucheza, hata iliyotoka dukani leo. Lakini yeye hajui.

Kaka yako,
Msa

Mutsamudu, 24 Agosti 1997

Kaka,

Natumai nyote hamjambo. Mimi sijambo kwa mwili tu.

Njia ya mwongo fupi, na yetu haikufika hata bandarini. Inzoudine alitoa ubao, akatikisa, ukacheza. Akaamini, na alihuzunika. Niliona bunduki imerudi juu ya kabati nikasali rakaa mbili za shukrani. Kumbe kesho yake ameipeleka kwa Salimou, yule anayetengeneza cherehani na vitasa, akamwuliza kama pini mpya itapatikana. Salimou akacheka. Akachukua bunduki nzima ya mtu mwengine, akaitoa ubao mbele ya macho yake, nayo ikacheza vilevile.

Alirudi, akala, akanawa. Ndipo akasema: "Mjomba anataka tukae mikono mitupu ili Wassim aje atutandike." Nikaondoa sahani yake. Na ombi lilikuwa langu.

Salimou amekata kipande cha bati la kopo la maziwa akakipachika kwenye bawaba, na sasa mtutu hauchezi hata kidogo. Inzoudine ameijaribu shambani, akarudi anacheka, kope zake zina masizi. Ganda la risasi nimelitoa mfukoni mwake nilipofua. Kitako cha ganda kimevimba, na kile kifataki cha katikati, kinachowasha baruti, kimechomoza nje kama chunusi. Nimeliweka. Wewe toka utoto unapenda vitu vidogo, nikaona nikwambie.

Mdogo wako,
Moinahalima

Moroni, 28 Agosti 1997

Moinahalima,

Nisamehe salamu, Chaehoi ananingoja mlangoni.

Bunduki hiyo isifyatuliwe tena. Sasa nasema kweli. Kitako kuvimba na kifataki kuchomoza maana yake risasi inapolipuka, mtutu unasogea mbele na kuuacha ule ukuta wa nyuma unaouegemea, na ganda linabaki halina wa kulishika. Masizi ya kope ni moto uliopita hapo. Ungeniambia haya mwanzo. Hapana, ningekuuliza mimi mwanzo, ndiyo kazi yangu.

Fanyeni hivi, naye akiona. Toeni lile bati, maana linaficha mchezo, haliuondoi. Rudisheni ubao mahali pake. Wekeni karatasi ya sigara kati ya mtutu na ukuta wa nyuma, mfunge bunduki, kisha mvute karatasi. Ikitoka bila kuchanika, pana mwanya. Kisha mshike mtutu, muusukume kushoto na kulia, halafu juu na chini. Ukicheza upande kwa upande, ni bawaba. Ukicheza juu na chini, ni komeo, lile linaloufunga mtutu, na ninaogopa ni komeo: linashika kwa ncha tu, na kila risasi inalisukuma.

Mwambie mara ya kwanza niliongopa. Sema ni mimi peke yangu, kwa ajili ya Wassim, wewe usijitaje. Afadhali anichukie akiwa na macho yake. Na akikataa, mwibie. Itupe baharini.

Kaka yako,
Msa

Mutsamudu, 16 Septemba 1997

Msa,

Barua yako ilitangulia askari. Nilimsomea yote ya bunduki, na pale uliposema uliongopa. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema: "Mjomba anakiri uongo wa kwanza ili tumeze wa pili." Nilileta karatasi ya sigara, akaichukua bunduki mkononi mwangu kwa adabu, akanibusu kiganja. Nilipanga kuiiba akienda msikitini. Alikwenda nayo msikitini.

Watu husema mwana akililia wembe, mpe. Mimi sikumpa, na umemkata vilevile.

Jeshi lilipoingia, yeye alikuwa kwenye kizuizi cha juu ya mji. Askari hawakufika huko, wala hakufyatua hata moja. Waliposhindwa, mji mzima ulitoka kushangilia. Naye akatoka, akaelekeza mtutu juu, akafyatua kwa furaha. Komeo likaachia, moto ukarudi usoni kwake. Walimleta kwangu mlangoni akiwa bado anapumua. Tulimzika jioni ile ile.

Hakuna askari aliyemgusa. Huku wanasema jeshi lenu ndilo lililomuua, na wanakuja kunipa pole kwa maneno hayo, na mimi naitikia. Salimou amekuja pia. Amelia sana. Sikumwambia lolote juu ya bati.

Wassim yuko hai. Amekamatwa pamoja na wenzake, wamefungiwa ghala moja karibu na bandari. Mlinzi aliniambia kama nina mtu wangu humo nilete chakula, nikasema ninaye. Kila adhuhuri nampelekea wali na samaki kwa sahani ya Inzoudine, maana nyingine zote ziko kwa majirani tangu matanga. Amekonda, lakini anakula. Kila siku ananiuliza Inzoudine yuko wapi, mbona haji kumwona, amemkasirikia kwa kuja na jeshi? Namwambia yuko shambani anafukuza kunguru.

Huo ndio uongo wetu wa mwisho na nimeubeba mimi. Wakimwachia, akifika kwako, utamwambia wewe kwa kinywa chako. Lile ganda la risasi amelichukua Chaehoi, atakupa pamoja na barua hii. Usinijibu.

Mama yake Inzoudine