Jino Juu ya Bati

Jumamosi, karibu adhuhuri. Mvua imekatika, njia ya soko hapa Kasongo ni matope matupu, na madereva wa pikipiki wanatukanana huku wakicheka. Nami nina furaha.

Leo waya umetolewa kwenye meno ya binti yangu Zawadi. Jino limeshika.

Zawadi ana miaka ishirini na mitatu, na anacheza ngumi katika ukumbi ulio nyuma ya nyumba yetu. Kinga ya meno anayo, ile ya plastiki inayolainishwa kwa maji ya moto kisha kuumwa ili ishike umbo la meno. Lakini majuma mawili yaliyopita, katikati ya mazoezi, aliitema ili amjibu mwenzake Riziki aliyekuwa anamchokoza:

"Wewe mutu ya Kabambare, mikono yako iko ya kung'oa mihogo!"

"Na wewe, kichwa yako iko..." Zawadi akaanza.

Ngumi ya Riziki ilifika kabla ya neno. Jino la mbele likaanguka zima, pamoja na mzizi wake.

Dada yangu mkubwa Bitondo, ninayemwita Yaya, alikuwa mlangoni; aliliokota na kulirusha juu ya bati la ukumbi. Ndivyo tulivyofanyiwa utotoni kule Kabambare, ili jino jipya liote. Mimi mwenyewe mama alinishika mkono nikarusha la kwanza, juu ya nyasi za nyumba ambayo sijaiona tangu vita vitutoe. Kwa hiyo nilimwelewa. Hata hivyo nilipiga kelele.

"Yaya, huyu si mutoto! Hili halioti tena!"

"Sasa mimi ningejuaje?"

Riziki, huku akilia, ndiye aliyepanda batini kulitafuta. Kutoka chini nilimpa yale niliyowahi kuyasoma: shika upande mweupe, usiguse mzizi, usisugue. Tukalisuuza mara moja kwa maji safi, Zawadi akalirudisha mwenyewe mahali pake, akauma kitambaa, tukapanda pikipiki hadi hospitali. Muuguzi wa meno akalifunga na jirani zake kwa waya.

Nikiri jambo la aibu kwa baba kama mimi. Siku ya nne nilitamani lisishike, ili aache ngumi. Nimepoteza nyumba, shamba, na kaburi la mama. Nilikuwa nimechoka kuona vitu vikivunjika.

Leo muuguzi alilitikisa kwa kidole. Halikucheza. Ametuambia turudi kila mwezi, maana mzizi unaweza kuharibika polepole. Zawadi hakusikia hata nusu. Alikuwa anajitazama kwenye kioo.

"Papa, nitarudia ngumi?"

Nikasema ndiyo, muuguzi akiruhusu, kwa sharti moja: nitakaa kando ya kamba za ulingo, na atakayefungua kinywa bila kinga, pambano linasimama hapo hapo. Kocha amekubali. Riziki ameshanipa cheo: Polisi ya Vinywa.

Kazi naanza Jumatatu.