Shati Lisilo na Mfuko

Levolosi, Arusha

Mama yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Shikamoo Mama, na shikamoo tena kwa siku zote hizi ambazo sikuandika. Vipi mguu, bado unakusumbua asubuhi? Na mikorosho ya nyuma ya nyumba imetoa maua, au upepo umeyapukutisha? Zuhura mdogo wangu, najua wewe ndiye unayemsomea. Soma polepole, na usiruke mistari kama ulivyoruka ile niliyokutania habari za mchumba.

Mwili wangu mzima, namshukuru Mungu, na kazi ya cherehani inakwenda. Moyo ndio haukutulia. Jambo hili sikutaka kulisema kwenye simu, maana ungenikatiza kwa dua kabla sijafika katikati.

Unajua kwamba mwisho wa juma nafunga cherehani nakwenda kuchezesha mpira. Ulicheka sana nilipokwambia mara ya kwanza, eti mtu mzima na ndevu zake anakimbizana na watoto wa watu huku anapuliza filimbi. Hatulipwi. Tunapewa soda, na tukikosea tunapewa matusi. Lakini ungetuona tunavyovaa, Mama, usingecheka. Aliyetufundisha ni Mzee Kaaya, Mmeru wa Kikwe, mwalimu mstaafu aliyeanza kuchezesha mechi za kata kabla mimi sijazaliwa. Kwake yeye, refa aliyevaa ovyo ameshaharibu mchezo hata mpira haujawekwa kati. Soksi hadi chini ya goti, shati ndani ya bukta, viatu ving'ae hata kama uwanja ni vumbi tupu. Mashati yetu niliyashona mimi yote kutoka jora moja, ili weusi wake uwe mmoja, kila shati na mifuko miwili kifuani: kushoto kadi ya njano, kulia kadi nyekundu na kijidaftari. Najisifu, lakini mshono ule hata fundi wa mjini Dar angeuheshimu.

Kabla ya kila mechi Mzee alitupanga mstari akatukagua, mimi na wenzangu wawili, Lomayani na Godi, ambao ni washika vibendera. Akimaliza anakugonga mfuko wa kushoto kwa vidole viwili, mara mbili, kuhakikisha kadi imo. "Refa asiye na mfuko ni mtazamaji," alikuwa akisema, na hakuwa anatania.

Mzee alifariki majira ya baridi, ukungu umeshuka kutoka mlimani hadi barabarani. Mkewe, Mama Aneth, alikuja dukani kwangu mwenyewe. Walutheri wa huku humvalisha maiti nguo zake nzuri, na Mzee alikuwa ameagiza azikwe kama refa. Shati lake lilikuwa limechakaa, akaniomba nishone jipya. Nililishona siku hiyohiyo, bila kula, na nililia juu ya cherehani, sioni aibu kukuambia.

Siku ya maziko jeneza lilifunguliwa ili watu wapite kumuaga. Tulipita sisi watatu tukiwa tumevaa rasmi. Tulikuwa tumekubaliana Lomayani amtilie Mzee kadi zake mfukoni. Akainama, akapeleka mkono kifuani, nao ukateleza. Akautelezesha tena. Kifua cha lile shati kilikuwa kitupu, Mama. Nilikuwa nimemshonea shati lisilo na mfuko hata mmoja. Lomayani alizichomeka kadi chini ya mikono ya marehemu, akanitazama. Mimi nikanyamaza. Mama Aneth alinishika mkono akanishukuru mbele ya watu kwa kazi nzuri, na bado nikanyamaza.

Wiki mbili baadaye tulikuwa na mechi Oldonyo Sambu, upande wa nyuma wa mlima, kule kukavu kwa wafugaji. Saa tisa alasiri, jua kali, upepo unainua vumbi. Lomayani na Godi walikuwa mbele yangu wameinama wanafunga kamba za viatu. Nikahisi vidole viwili vinanigonga kifuani, mara mbili. Niliona kabisa kitambaa kinabonyea. Nikajiambia ni upepo.

Kipindi cha kwanza mchezaji mmoja akamkata mwenzake miguu. Nikapiga filimbi, nikapeleka mkono mfuko wa kushoto, mkono ukateleza. Mfuko haukuwepo. Haukuwa umechanika. Ulikuwa umefumuliwa, na aliyefumua alijua kazi, maana hata tundu la sindano halikuvutika, na pale ulipokuwa kitambaa kilikuwa cheusi zaidi. Kadi tuliiona kwenye duara la kati, imelala chali, juu yake kipande cha mfuko kimekunjwa vizuri kama leso iliyopigwa pasi. Wachezaji wote walikusanyika. Kisha kapteni wa wenyeji akanisogelea.

"Refa, yule mzee wenu kaenda wapi?"

"Mzee gani?"

"Si yule wa nne. Alikuwa anakimbia nyuma yako tangu mwanzo. Mmekuja wanne, ama?"

Nilimaliza ile mechi, Mungu ndiye anajua nilivyoimaliza.

Nikashona mfuko upya kwa uzi wa nailoni, mistari miwili. Jumamosi iliyofuata ukafumuka nikiwa nimeuwekea kiganja juu, nausikia uzi unavyotoka, tundu moja baada ya jingine, bila haraka. Mara ya tatu nikajitia ujanja. Nikavaa fulana isiyo na mfuko, kadi nikazificha ndani ya soksi. Dakika ya kumi mpira ukatoka nje, nikapuliza filimbi. Mchezo ukaendelea. Nikapuliza tena, mashavu yananiuma. Hakuna aliyegeuka. Wakacheza mbele yangu, wakanipita kushoto na kulia, hata hawanikwepi kwa macho. Nikasimama kati ya uwanja na filimbi mdomoni, watu ishirini na wawili hawanioni. Niliogopa, Mama. Niliogopa kuliko siku ile nyoka alipoingia jikoni kwetu.

Godi ndiye aliyekuja kunivuta mkono, mechi ikasimamishwa. Lomayani alinikalisha chini nje ya mstari.

"Ero, rafiki yangu, nimekuona unapuliza. Sauti sijaisikia," akasema. "Nenda ukamwambie yule mama. Mimi nimekusubiri useme mwenyewe. Usiposema hutachezesha tena, na hata ukichezesha, nani atakusikia?"

Usiku sikulala nikiwaza yule mama atanifukuza. Asubuhi nikaenda Kikwe. Mama Aneth nilimkuta barazani anachambua maharage. Nikamwamkia, nikapiga magoti kama ninavyokupigia wewe, nikamwambia yote: shati, kadi zilizokosa mfuko, kunyamaza kwangu, na yaliyonipata uwanjani. Aliacha kuchambua. Akanyoosha kidole kwenye kiti kimoja kilichokuwa peke yake karibu na mlango.

"Kiti chake hicho. Kila asubuhi nakuta sindano imetungwa uzi mweusi, imechomekwa hapo kwenye mto. Mimi macho haya hayatungi sindano siku nyingi. Naitoa, kesho yake naikuta."

"Hukumwambia mtu?"

"Ningemwambia nani? Nilijua ananiita nimfuate. Nimeshagawa hata kuku wangu, mwanangu. Nimeshamwonyesha Aneth kitenge cha kunivalisha." Akaanza kucheka, machozi yanamtoka. "Kumbe anamwita fundi!"

Nilichukua ile sindano. Uzi ulikuwa mrefu, umepakwa nta kama ninavyoupaka mimi. Tulikwenda kaburini, pale kwenye migomba nyuma ya nyumba, nikakaa chini nikakata mifuko miwili kutoka mabaki ya lile jora niliyokuja nayo, nikaishona kwa mkono, vifuniko na vifungo vyake. Uzi uliishia kwenye fundo la mwisho. Haukubaki hata wa kukata kwa meno. Mama Aneth akafukua udongo kwa mikono usawa wa kifua, akailaza, mmoja kushoto, mmoja kulia, akafukia. Hakuna kilichotokea. Migomba haikutikisika hata jani.

Tulipokuwa tunanawa mikono ndipo akaniuliza, bila ukali wowote: "Lakini fundi kama wewe, unasahauje mfuko kwenye shati la refa?"

Mama, swali hilo nilikuwa sijajiuliza. Nilifungua mdomo nimwambie ni uchovu, yakatoka mengine. Nikamwambia Baba yangu alifariki mwezi mmoja kabla ya Mzee, Newala, na mimi nilifika siku ya nne, nikakuta udongo umeshakauka. Nikamwambia kwetu maiti huvikwa sanda, na sanda haina mfuko. Ile siku nilipokuwa nakata kile kitambaa, akili ilijua ni cha Mzee Kaaya. Mikono ilikuwa inamshonea Baba.

Mama Aneth alinifuta mikono kwa khanga yake kama mtoto. "Basi Mzee wangu ameshapata cha kwake," akasema. "Wewe huku umebaki kufanya nini?"

Jumamosi iliyopita nilichezesha, filimbi ikasikika hadi barabarani, mfuko ukabaki mahali pake. Watu wakanitukana kama kawaida, nikafurahi mno. Lakini nimeshafunga duka. Nimemwachia Lomayani filimbi na Godi amesema ataniangalizia cherehani. Nitapanda basi wiki ijayo, inshallah, na safari hii sitakuja kukaa siku mbili nikakimbia.

Msalimie kaka Bakari, mkubwa wetu, aliyebeba mzigo wote wa maziko peke yake. Mwambie asimruhusu mtu mwingine kufyeka majani pale makaburini. Msalimie shangazi Somoe, dada yake Baba, aliyenuna nilipoondoka haraka. Alikuwa na haki. Shemeji na watoto wote, na jirani yetu muuza mihogo. Zuhura, wewe nakuletea kitambaa, ukinyamaza nitakushonea gauni.

Mama, kuna neno moja nataka ulitafute kabla sijafika, kwa kuwa siku zile sikuthubutu kuuliza na kwenye simu sitaweza. Uniambie ni nani aliyemkatia Baba sanda, wakati mwanawe aliye fundi alikuwa huku anakagua soksi.

Ni mimi mwanao,
Saidi